Ghala limejaa, mbona mtoto amedumaa?

Ukipanda basi asubuhi mjini Iringa kuelekea Mbeya msimu wa mavuno, macho hayachoki. Mafinga unapishana na malori ya mbao na nguzo kutoka msitu wa Sao Hill. Makambako magunia ya mahindi na viazi yamepangwa hadi kando ya barabara. Ukiteremka Igawa na Chimala unaingia bonde la Usangu, na pale Igurusi mashine za kukoboa mpunga hazinyamazi. Uyole unapokelewa na viazi, karoti na kabichi. Nyumba za tofali za kuchoma zenye bati jipya zinaongezeka kila mwaka, na nje ya nyingi imeegeshwa pikipiki. Mgeni anayetoka mkoa wenye ukame atasema hapa watu wameyapatia maisha.

Sasa shuka kwenye basi, uingie zahanati ya kijiji siku ya kliniki ya watoto. Muuguzi anamlaza mtoto kwenye kibao cha kupimia urefu, anasoma namba, anaitazama kadi, kisha anamuuliza mama mtoto ana umri gani. Mama anajibu miaka miwili na nusu. Kwa urefu, mtoto ni wa mwaka na nusu.

Huyo si mtoto mmoja. Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 ulikuta kwamba mkoani Iringa watoto 57 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hakuna mkoa mwingine nchini wenye kiwango kikubwa kuliko hicho. Njombe na Rukwa zinafuata, kila mmoja ukiwa na watoto wapatao 50 kati ya 100. Mbeya iko jirani na wastani wa taifa, ambao ni 30 kati ya 100. Mikoa tunayoiita ghala la chakula la Taifa ndiyo inayoongoza kwa watoto waliopungukiwa lishe kwa muda mrefu. Dodoma na Singida, ambako mvua ikikataa mwaka mmoja watu wanaanza kuulizana watakula nini, ziko chini ya Iringa.

Msomaji wangu, swali la kama mali inaleta furaha huwa tunalisikia kwenye mahubiri na kwenye vijiwe vya kahawa. Wiki hii nataka tulijadili kama swali la afya, kwa kutumia mfano huu wa Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu sijaona mfano mwingine nchini unaolijibu kwa uwazi hivi.

Furaha inayopimwa

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake ya 1946, lilieleza afya kuwa ni hali ya mtu kuwa mzima kimwili, kiakili na kijamii, na si kukosa ugonjwa tu. Kwa maana hiyo furaha ni sehemu ya afya, haikai pembeni.

Wanaopima furaha za mataifa huwauliza watu swali moja: tuseme kuna ngazi yenye vidato kuanzia sifuri hadi 10, cha juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata, na cha chini kabisa ni mabaya kuliko yote, wewe unajiona umesimama kidato cha ngapi? Katika ripoti ya furaha duniani ya 2018 Tanzania ilishika nafasi ya 153 kati ya nchi 156. Wengi walicheka: inakuwaje sisi tunaosalimiana dakika tano na kucheza hadi asubuhi harusini tuwe karibu na mkia? Lakini swali lile haliulizi kama unacheka. Linauliza kama unaona maisha yako yanakwenda vizuri. Mtu anaweza kucheka msibani, na mtu anaweza kucheza harusini huku moyoni anawaza ada.

Je, fedha zinampandisha mtu kwenye ngazi hiyo? Ndiyo, zinampandisha, na tusidanganyane. Kati ya 2011 na 2013 watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya maskini za Rarieda, magharibi mwa Kenya, zilizopewa fedha taslimu bila masharti na shirika la GiveDirectly. Waliopewa walikula vizuri zaidi, wakaezeka bati, wakanunua mifugo. Walipoulizwa kuhusu maisha yao, waliridhika zaidi na dalili za sonona zilipungua. Kumwambia maskini kwamba fedha si kitu ni kumkosea heshima.

Lakini watafiti hao waligundua na jambo la pili. Majirani ambao hawakupewa kitu, waliobaki kutazama bati la wenzao liking'aa, waliridhika kidogo na maisha yao kuliko mwanzo, ingawa hawakupoteza hata shilingi. Baada ya muda uchungu huo ulipungua, na hata furaha ya waliopewa ilianza kuzoeleka. Binadamu hujipima kwa jirani, na macho yake huzoea haraka alichonacho. Anayejenga ili amzidi jirani atajenga tena mwakani.

Kwa hiyo fedha huondoa dhiki, na dhiki ikiondoka mtu hupumua. Baada ya hapo fedha ni chombo, na chombo hufanya kile tu mtu anachokitumia kufanya. Hapo ndipo Iringa inapotufundisha.

Kadiri kipato kilivyopanda

Kwa miaka mingi Iringa na Mbeya zimekuwa miongoni mwa mikoa ya juu Tanzania Bara kwa pato la wastani la kila mtu. Mahindi, mpunga, chai, kahawa, mbao, nyanya za Ilula, na miaka ya karibuni parachichi, vimeingiza fedha vijijini. Tungetegemea udumavu upungue, kama ulivyopungua katika taifa zima: kutoka asilimia 42 mwaka 2010 hadi 34 mwaka 2015/16, kisha 30 mwaka 2022. Iringa ilikwenda kinyume. Ilikuwa na asilimia 42 mwaka 2015/16, utafiti wa lishe wa 2018 ukakuta 47, na 2022 ikafika 57.

Wapo wanaojitetea kwamba watu wa huku ni wafupi kwa asili. Hoja hiyo haisimami. Vipimo vinavyotumika kliniki vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wa Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba mtoto aliyenyonyeshwa vizuri, akalishwa vizuri na kukingwa na maradhi, hukua kwa karibu kasi ileile awe wa Accra au wa Oslo. Tofauti kubwa ya urefu kabla ya miaka mitano hutokana na sahani na mazingira kuliko ukoo. Tena ukoo haubadiliki ndani ya miaka saba, wakati takwimu za Iringa zimebadilika.

Na tuseme haki: kwa nchi nzima, kuwa na uwezo kunasaidia. Mwaka 2015/16, katika kaya maskini zaidi watoto wanne kati ya 10 walikuwa wamedumaa. Katika kaya tajiri zaidi alikuwa mmoja kati ya watano. Utajiri ulipunguza tatizo kwa nusu. Lakini jiulize, huyo mmoja kati ya watano, nyumbani kwao kulikosekana nini? Chakula hakikukosekana. Kuna kitu kilikatika kati ya mfuko wa baba na mdomo wa mtoto.

Mali inapotelea wapi

Inakatika mahali panne, na kila mahali tunapajua.

Pa kwanza ni sokoni. Maharage, mayai, maziwa, kuku, parachichi na nyanya ni bidhaa zenye bei, kwa hiyo vinauzwa. Kinachobaki nyumbani ni mahindi. Mtoto anakunywa uji mweupe asubuhi, anakula ugali wa sembe mchana, na usiku ugali tena na mchuzi wa mboga. Tumbo linajaa, mwili hauna cha kujengea. Mahindi yaliyokobolewa yanatia nguvu ya kutembea, lakini mfupa, misuli na ubongo vinataka protini, mafuta, madini chuma, zinki na vitamini. Hii ndiyo sababu udumavu unajificha: mtoto halii njaa, mashavu yamejaa, na mama anaona ameshiba. Ni kweli ameshiba.

Pa pili ni muda wa mama. Mvua za kwanza zinapoanza, mwanamke wa Kilolo, Mufindi au Rungwe anaamka alfajiri, anachota maji, anakwenda shambani, anarudi jioni na kuni kichwani. Mtoto wa miezi minane anaachwa na dada yake wa miaka saba. Mtoto wa umri huo, pamoja na kunyonya, anahitaji kulishwa mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne, kidogo kidogo, kwa sababu tumbo lake ni dogo. Dada wa miaka saba atampa uji uliopoa, na ukimwagika basi. Shamba linapopanuliwa kutoka ekari mbili hadi tano, kipato kinapanda na saa za mama kukaa na mtoto zinapungua. Utajiri huo umenunuliwa kwa maziwa ya mtoto, na hakuna daftari linaloandika gharama hiyo.

Pa tatu ni mkono unaoshika fedha. Palizi mama, kuvuna mama, kupukuchua mama. Lori la mnunuzi likifika, baba ndiye anayehesabu. Simsemi kila baba, kwani wapo wanaokaa na wake zao wakapanga. Lakini penye nyumba ambayo mama lazima aombe fedha ya dagaa, dagaa watachelewa. Na msimu wa fedha ndio msimu wa vilabu. Komoni na ulanzi vina nafasi yake katika mila za huku, sikatai. Ila gunia likinywewa wiki ya kwanza ya mauzo, haliwezi kurudi Februari chakula kinapopungua. Kibaya zaidi, ulanzi ukiwa bado mtamu wapo wanaoona hauna neno, wanampa na mtoto. Ini la mtoto halijui utamu, linajua kilevi.

Pa nne ni maradhi. Maji machafu na choo kibovu humletea mtoto kuhara mara kwa mara, na utumbo uliojeruhiwa hauchukui virutubisho hata ukimpa yai. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, inayoharibu ini. Tena katika ukanda huu kuna VVU. Utafiti wa 2022/2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Barabara kuu, mashamba makubwa, mbao na biashara huleta fedha, na huleta pia watu wanaoishi mbali na familia zao. Mama aliye kwenye dawa anaweza kuzaa mtoto asiye na maambukizi na kumnyonyesha salama, lakini lazima ajue hali yake na asikose kliniki.

Furaha ya nani?

Tunaposema kaya fulani imetajirika, tunahesabu bati, pikipiki na ekari, ambavyo mara nyingi ni mali ya mtu mmoja. Tunaposema ina furaha, tunamtazama huyohuyo. Mtoto hatumuulizi amesimama kidato cha ngapi, na hata tukimuuliza hawezi kujibu. Urefu wake ndio jibu lake.

Na jibu hilo atatembea nalo. Siku 1,000 tangu mimba inapotungwa hadi miaka miwili ndizo ubongo unapojengwa kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Kilichokosekana hapo, sehemu kubwa hakirudi. Mtoto aliyedumaa huchelewa kuanza shule, hupata shida kushika masomo, huugua zaidi, na akiwa mtu mzima kipato chake huwa kidogo kuliko cha mwenzake. Msichana aliyedumaa akiwa mama ana hatari kubwa zaidi ya kupata shida wakati wa kujifungua na kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu, na mzunguko unaanza tena. Baba aliyejenga nyumba ili watoto wake waishi vizuri kuliko yeye, amewaachia nyumba na kuwapunguzia uwezo wa kuitunza.

Baba naye tusimsahau. Mwenye mahindi ghalani si lazima alale usingizi. Mwaka 2017 Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ilishuka na wakulima wengi wa Nyanda za Juu walibaki na magunia ambayo hayakurudisha hata gharama ya mbolea. Gunia lilikuwepo, amani haikuwepo. Kutojua kesho bei itakuwaje kunachosha akili kuliko kujua kwamba ni ndogo. Wanaume wengi hubeba mzigo huo kimya, kwa kuwa tumewafundisha kwamba mwanamume halalamiki. Mtu akipoteza usingizi wiki mbili, akaacha kupenda alivyovipenda, akazidisha pombe, akaanza kusema ni heri asingekuwepo, huo si uvivu wala kurogwa. Ni ugonjwa, na kituo cha afya ndipo pa kuanzia. Msindikizeni, asiende peke yake.

Upande wa mjini, Mbeya au Iringa, mali huja na sura nyingine: soda, chipsi, gari la kwenda hata dukani. Uzito kupita kiasi umeenea zaidi kwa wanawake wa kaya zenye uwezo, ukifuatwa na shinikizo la damu na kisukari. Siku hizi unaweza kukuta nyumba moja yenye mama mnene na mtoto aliyedumaa, kutoka chungu kimoja. Wote wawili wameshiba, na wote wawili hawakula vizuri.

Kabla lori halijaja

Serikali haijakaa kimya. Wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe, halmashauri zimetakiwa kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na siku za afya na lishe hufanyika vijijini. Hatua hizo ni nzuri, ila mwananchi ana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji: fedha ya watoto wetu imetoka, na imefanya nini? Na ofisa kilimo anayehesabu tani, akutane na ofisa lishe anayehesabu sentimita. Mkoa ukisifiwa kwa tani peke yake, utaendelea kuzalisha tani.

Nyumbani nako kuna mambo yasiyongoja mkataba.

Kwanza, tengeni kabla ya kuuza. Lori halijafika, toeni magunia ya mahindi ya mwaka mzima, debe kadhaa za maharage, na karanga au soya. Hicho si akiba ya biashara, hakiuzwi. Kausheni mahindi vizuri kabla ya kuhifadhi, na yaliyoota ukungu msiyasage, wala msimpe kuku.

Pili, yai la kwanza ni la mtoto. Kuku watano wanatosha. Kuanzia miezi sita, endelea kunyonyesha, na katika chakula chake ongeza kitu kutoka kila upande: maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, maziwa, figiri au mchicha, ndizi, papai, kipande cha parachichi. Parachichi dogo lililokataliwa na wanunuzi lina mafuta sawa na lile lililosafirishwa. Dona ni bora kuliko sembe, mradi mahindi ni safi.

Tatu, mpunguzieni mama kazi. Mjamzito na anayenyonyesha wapate mlo wa ziada na pumziko, na ahudhurie kliniki mapema apewe vidonge vya kuongeza damu. Baba anaweza kubeba ndoo ya maji, haimpunguzii kitu. Wenye mashamba makubwa ya chai na parachichi, kibanda cha kulelea watoto chenye mlezi na uji ulionona hakigharimu kama mnavyodhani.

Nne, kaeni wawili na daftari siku ya mauzo. Andikeni: chakula, bima ya afya, ada, mbolea ya msimu ujao. Bati na pikipiki vifuate. Mama ashike fedha ya jikoni bila kuiomba.

Tano, ulizeni urefu. Kliniki tumezoea kuuliza kilo tu. Mwambie muuguzi ampime mtoto na urefu, na akueleze mstari wake kwenye kadi unaelekea wapi.

Basi, mali inaleta furaha? Kwa anayelala njaa, inaleta, na aitafute kwa nguvu zote. Kwa mwenye ghala lililojaa, swali limebadilika. Mavuno yajayo, kabla hujaita fundi wa bati, msimamishe mwanao ukutani, uweke alama ya kichwa chake kwa mkaa. Baada ya miezi sita msimamishe tena. Kama alama haijasogea vya kutosha, mpeleke kliniki mapema, kwa maana bati litangoja mwakani na yeye hatangoja.